Hadubini Niliyoiita Darubini

Nyie vijana mnaouza vitu kwa simu siku hizi, mnapiga picha boksi, mnaandika "mzigo mpya umeingia, karibuni", halafu mnakaa kusubiri, nawaonea wivu kidogo na huruma kidogo. Wivu kwa sababu miguu yenu haitavimba kama yangu. Huruma kwa sababu mteja wenu hamumwoni uso. Mjukuu wa dada yangu ana duka la namna hiyo hapa Mbeya. Kila ikikaribia Krismasi anauza zawadi za watoto za sayansi na hesabu, na mwaka huu ameniomba nimwandikie "vidokezo vitano kutoka kwa mkongwe". Nimekaa na kalamu, vidokezo vitano vimekataa kuja. Kilichokuja ni hiki. Kama anataka vitano, avihesabu mwenyewe.

Nimesimama nyuma ya kaunta miaka thelathini na mmoja, kwanza Iringa mjini, kisha Mbeya, katika duka moja la vitabu na vifaa vya shule lililokuwa na matawi mawili. Nilianza nikiitwa binti. Nikaitwa dada, nikaitwa mama, na siku mteja mwenye mvi aliponiita bibi nilikwenda stoo nikakaa kwenye katoni la madaftari nikatafakari. Mwaka uliofuata nikastaafu.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Hansa, mke wa mwenye duka. Familia yao ni Wahindi wa Iringa, yeye kazaliwa pale pale, na Kihehe alikijua kuliko mimi Mnyakyusa wa Tukuyu niliyeletwa Iringa na ndoa. Mzee wa shamba akiingia dukani, Mama Hansa anamwahi na "kamwene", wanasalimiana mpaka wanafika kwenye mahindi na ndama, mimi nimesimama pembeni kama mgeni wa nchi. Alikuwa mdogo wa umbo, mkali, na hakuwa mtu wa kuketi. Alikuwa pia na chuki moja ya pekee: mtu kumchagulia mtoto zawadi kwa kusoma umri ulioandikwa kwenye boksi.

"Hii miaka nane mpaka kumi na mbili," aliniambia wiki yangu ya kwanza, akiligonga boksi kwa ukucha, "kaandika mtu ambaye huyo mtoto hajamwona. Wewe usiulize ana miaka mingapi. Uliza, wiki hii kaharibu nini."

Nilidhani ananitania. Lakini alikuwa amenikazia macho, na mteja aliyefuata alikuwa mama mmoja aliyetafuta kitu cha binti yake wa darasa la kwanza, basi nikajikaza. "Samahani mama," nikasema, "mtoto wiki hii kaharibu nini?"

Yule mama aliniangalia muda mrefu. Halafu akaanza kusema kama mtu aliyengoja miaka kuulizwa. Kafungua redio ya baba yake. Kamwaga chumvi yote kwenye ndoo ya maji ili aone itaishia wapi. Kamfunga kuku uzi mguuni, anamfuata uani akihesabu hatua. Mama Hansa hakusubiri amalize. Alinyoosha mkono rafuni huku akiniambia mimi, si mteja: wa redio anapewa bisibisi na tochi ya kuunganisha mwenyewe, wa chumvi anapewa vikombe vya kupimia, wa kuku anapewa tepu ya kupimia. Kwa kuwa mwenye shida kubwa zaidi nyumbani alikuwa kuku, tukaanza na tepu.

Swali hilo nimelitumia miaka yote thelathini na mmoja, isipokuwa siku moja, na siku hiyo nitaifikia. Faida yake ni kwamba mzazi akiulizwa mtoto anapenda nini, atasema kile ambacho yeye mzazi angependa mtoto apende. "Anapenda sana hesabu," anasema, huku mtoto mwenyewe kajificha nyuma ya gauni lake. Lakini mtoto anachokiharibu hakuna anayemtuma. Pale ndipo kichwa chake kilipo.

Mengine ya kazi ni ya mikono tu, nayo myajue. Boksi lifunguliwe kabla halijatoka. Picha iliyo juu huwa kubwa kuliko kilichomo ndani, na mtoto akifungua asubuhi ya Krismasi akakuta kitu cha ukubwa wa kiberiti, hutakuwepo kumweleza. Hesabu vipande. Uliza inatumia betri gani, na betri hiyo inapatikana anakokaa mtoto, siyo anakokaa mnunuzi. Na hata kama zawadi ni ya mtoto wa darasa la saba, uliza kama nyumbani kuna mdogo anayetambaa. Zile betri bapa za mviringo zinazong'aa, na zile sumaku ndogo ndogo, mtoto akizimeza ni hospitali mbio, hakuna kusubiri kesho. Mtu akinijibu kuna mdogo, kitu chenye vitu hivyo sikumuuzia, hata akinuna. Kwenye hilo sikuwa na utani na sina.

Halafu angalieni msimu. Mwaka wangu wa kwanza Mbeya niliagiza vigari vinavyotembea kwa jua. Vizuri sana, mtoto anaunganisha mwenyewe, anaweka kile kioo cha kunasa jua juu, gari linaondoka. Dukani chini ya taa kali viliondoka vyema. Nikaviuza vyote kabla ya Krismasi, nikajisifu. Nilikuwa nimesahau niko wapi. Desemba ya Mbeya, mawingu yanashuka mpaka unayagusa, nguo zinanuka kwa kutokauka. Januari yote watu walikuja. Baba mmoja aliweka kigari juu ya kaunta akaniuliza kwa upole, "Mama, hili ni la maonyesho?" Nikamwambia avumilie. Alirudi mwezi wa sita kuniambia limetembea, na kwamba mtoto alishalisahau, sasa analiendesha yeye mwenyewe.

Tangu hapo zawadi ya Desemba huku kwetu nikawa naichagua inayopenda mvua. Kipima mvua ambacho mtoto anakisimamisha uani, kila asubuhi anasoma alama na kuandika. Mbegu na vikopo. Kioo cha kukuzia, maana konokono na jongoo wote wako nje wanamsubiri.

Na nguo ya sikukuu isiguswe. Hili nasema kwa wazazi zaidi kuliko kwa wauzaji. Kule Iringa alikuwepo mwinjilisti mmoja, mtu mwema, aliyeamua mwaka mmoja kwamba watoto wake wote watano hawatapata nguo mpya, watapata mikebe ya hesabu. Alinunua kwangu na mimi nikampongeza. Asubuhi ya Krismasi watoto wake waliingia kanisani na sare za shule, mstari mzima, wenzao wanameremeta. Binti yake wa tatu sasa ni muuguzi, tulikutana Ipogolo, tukakumbushana. Akaniambia, "Mama, mpaka leo nikiona bikari nasikia haya." Mkebe wa hesabu mtoto anajua Januari angenunuliwa tu. Hiyo siyo zawadi, hiyo ni shule imekuja mapema. Mpe gauni lake kwanza, kisha ndiyo umtilie na fumbo la vipande ndani ya mfuko. Vikija pamoja, atavipenda vyote.

Msidhani pia kwamba zawadi ya sayansi ni kitu cha amani. Mama mmoja mwenye kuuza viazi sokoni Uyole alimnunulia binti yake mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoano. Nilimshauri mimi, kwa kuwa mtoto alikuwa na tabia ya kubeba vitu viwili mikononi na kuuliza kipi kizito. Hazikupita wiki mbili, yule mama akanifuata dukani, kashika kiuno. Binti yake alikuwa ameenda naye sokoni likizo, akaanza kupima kila sado ya viazi, vile vindoo vidogo vya rangi wanavyopimia. Ya jirani ilikuwa nzito, ya mama yake nyepesi. Akapima tena. Kisha akaigeuza sado ya mama, akaona kitako kimesukumwa kwa ndani, akatangaza kwa sauti mbele ya wateja kwamba kagundua sababu.

"Dada," yule mama akaniambia, "mimi niliomba zawadi. Wewe umeniuzia shahidi."

Nikamuuliza kama anataka kurudisha. Akafikiri, akasema hapana, sado mpya ameshanunua, na wateja wa jirani wamehamia kwake maana sasa viazi vyake vinapimwa na mtoto. Akaondoka bado kanuna.

Sasa niandike lile ambalo ningeweza kuliacha, na mjukuu wa dada yangu asingejua.

Ilikuwa Desemba, miaka michache kabla sijastaafu, duka la Mbeya limefurika. Ikafika zamu ya mwanamume mmoja wa makamo, shati limenyooshwa vizuri, lakini kwenye nyusi bado kulikuwa na vumbi la pumba. Alisema kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika, kama wasemavyo watu wanaofanya kazi karibu na mashine. Alitoka Ubaruku, wilaya ya Mbarali, anaendesha mashine ya kukoboa mpunga. Alikuja mjini kufuata mkanda wa mashine ya bosi wake, na hapo hapo akatafuta zawadi ya binti yake, Vumilia, wa darasa la sita. Yeye na mama wa mtoto walishaachana. Vumilia alikaa na mama yake Iringa, mtaa wa Kihesa, na baba angepanda basi kwenda kumwona siku ya Krismasi.

"Kanitajia mwenyewe anachotaka," alisema. "Nimeandika nisije nikasahau."

Akafungua kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji. Kilikuwa na maneno matatu kwa herufi kubwa, moja chini ya lingine. ATUBINI, limekatwa. HABUDINI, limekatwa. ADUBINI, limepigiwa mstari mara mbili.

Hapa ndipo nilipaswa kumuuliza Vumilia kaharibu nini wiki hiyo. Sikuuliza. Watu walikuwa wamepanga mstari mpaka mlangoni, na mimi nilikuwa najua. Miaka yote ile kazini, nilikuwa najua. Nikachukua kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia hesabu za duka, nikakata neno lake la tatu, nikaandika chini yake: DARUBINI.

"Darubini, baba," nikasema. "Da-ru-bini. Nyie wa Mbarali nanyi, herufi mnazila."

Watu wa mstarini wakacheka. Mimi mwenyewe nilicheka. Yeye aliangalia ile nyekundu.

"Alisema kama hivi, mama. A-du-bini."

"Ndiyo hiyo hiyo. Ya kutazamia mbali. Tunayo moja, nzuri, ina miguu mitatu."

Halafu akasema, "Haya mama. Nyie ndo mnajua."

Nilimfungia vizuri sana kwa utepe mwekundu. Karatasi yake niliibandika juu ya boksi akaenda kufuata mkanda, ndiyo ilikuwa kawaida ya duka letu, mzigo unaosubiri unabandikwa karatasi ya mwenyewe ili usichanganywe na wa mtu. Aliporudi kuchukua, nikaibandua nikaichoma kwenye msumari wa karatasi pamoja na nyingine, nikamtakia safari njema.

Alirudi katikati ya Januari. Nilimwona amesimama pembeni karibu na ramani, anasubiri watu wapungue. Nikajua amekuja kurudisha, nikaandaa maneno yangu. Hakuwa na boksi.

"Mama, shikamoo. Sirudishi kitu," alisema. "Nataka tu kujua jina. Kile ulichonipa kinaitwaje, na kile kingine kinachofanana jina kinaitwaje. Nisikosee tena."

Nikamwomba anieleze ilivyokuwa, naye akanieleza kwa sauti yake ile kubwa, bila kulaumu. Likizo ya mwezi wa sita Vumilia alikuja kwake Ubaruku. Alichota maji ya jaruba la mpunga kwenye chupa, akayaweka juani, akamuuliza baba humu ndani kuna nini kinachotembea. Baba akasema ni maji tu. Mtoto akasema hapana, kuna kitu, ila kidogo mno, kitabu cha shule kimeonyesha kifaa cha kukionea. Akaondoka na chupa yake mpaka Iringa. Na Desemba, kwenye simu, akataja kile kifaa.

"Tatizo mashine," alisema. "Akipiga, mashine inalia, mi namwambia eh, eh, yeye anakata. Mama yake kaniambia mtoto anasema baba hanisikiagi. Sasa safari hii nikasema nitasikia. Nikaandika kabisa. Kumbe nimesikia vibaya."

"Alipofungua akasemaje?"

"Kasema asante baba. Angelia ningejua la kufanya. Kaiweka juu ya kabati, kwenye boksi lake, akaenda kuosha vyombo."

Nilikwenda kwenye rafu ya vitabu vya sayansi. Kitabu cha darasa lake nimekiuza mamia kwa mamia, na sikuwahi kukifungua zaidi ya kuangalia kama kurasa zimetimia. Nikafungua. Kilikuwepo, kimechorwa vizuri, na jina lake chini: hadubini. Kifaa cha kuonea vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Darubini inaleta karibu kilicho mbali. Hadubini inakuza kilicho kidogo. Yule baba alidondosha herufi moja tu, ile H ambayo nusu ya watu wa huku hatuitamki. Mimi nikamdondoshea mtoto wake.

Nikamwonyesha ukurasa. Nikamwambia, "Baba, wewe ulisikia vizuri. Mimi ndiye nilikosea."

Akatabasamu kama mtu anayeheshimu mkubwa. "Mama unanifariji. Masikio yangu nayajua."

Nikamwambia nitampa hadubini, abadilishe. Akakataa. Akasema akienda kumpokonya mtoto alichompa na kumletea kingine, ataonekana amekwenda kutengeneza kosa, na Vumilia atapokea kwa adabu ile ile, na kitakwenda juu ya kabati lile lile. Hakutaka kitu. Alirudia jina mara kadhaa kimoyomoyo, midomo inacheza, akaaga. Nami nikabaki na lile lililoniuma kuliko yote: mtu huyu alikuwa anaondoka akiamini kwamba hata alipojitahidi, hakuweza kumsikia mwanawe. Na aliyemwaminisha hivyo ni mimi, mwenye masikio mazima na kalamu nyekundu.

Ile karatasi niliikuta bado kwenye msumari, chini ya za Januari.

Mwezi wa pili nilikuwa na safari ya Iringa kwa dada yangu. Nikampigia Baba Vumilia kwa namba aliyoiacha dukani, kumwomba ruhusa nipite Kihesa. Kwanza alisita, kisha akanielekeza nyumba. Nilichukua hadubini ndogo ya wanafunzi, niliyoilipia kutoka mshahara wangu, yenye taa ndogo na vile vioo vyembamba vya kuwekea kitu, na karatasi nikaitia ndani ya Biblia isikunjike.

Mama Vumilia ni fundi cherehani, anashonea barazani. Alinikaribisha kiti, akanisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukanyaga mashine. Nilipomaliza akasema tu, "Mtoto yuko njiani anatoka shule. Utamwambia mwenyewe." Kupitia mlango wazi nililiona kabati. Boksi lilikuwa juu yake, utepe wangu mwekundu umefungwa upya vizuri, na kando yake chupa ya maji yaliyogeuka kijani.

Vumilia alikuja, mrefu, magoti yana vumbi, akapiga goti kidogo. "Shikamoo bibi." Nikamwambia mimi ni nani na nimekuja kumwomba radhi. Cherehani ikanyamaza. Mjue kwamba kwetu mtu mzima hamwombi radhi mtoto wa watu, nami nilikuwa sijawahi, hata wangu mwenyewe. Maneno yalitoka magumu. Nikamweleza kwamba baba yake alikuja dukani akaniomba hadubini, na mimi nikambishia mbele ya watu, nikacheka, nikampa nilichokitaka mimi.

Aliniangalia kwa adabu, ile ile aliyonisimulia baba yake. Hakuniamini. Kwake nilikuwa mtu aliyetumwa.

Nikaweka boksi la hadubini kwenye mkeka. Aliliangalia, akaona picha, na nilimwona akimeza mate. Lakini hakulifungua. Akasema asante bibi, akakunja mikono.

Basi nikatoa karatasi nikampa.

Akaipokea kwa mikono miwili. Akaisoma, akaigeuza nyuma penye maandishi ya mfuko wa saruji, akarudi mbele.

"Hii nyekundu ni ya nani?"

"Yangu."

"Na hizi nyingine?"

"Za baba yako. Alikuja nazo hivyo hivyo."

Akaweka kidole kwenye neno la kwanza. Akakishusha kwenye la pili. Kwenye la tatu, lile lenye mistari miwili chini na wekundu wangu juu, akakiacha hapo.

"Nilimtajia mara tatu," alisema, si kwangu wala kwa mama yake. "Halafu nikakata simu."

Mama yake alikuwa ameinama kwenye kitambaa, lakini hakuwa anashona. Nami nilikuwa nalia, niseme ukweli, na sikuwa na kitambaa, nikatumia ncha ya kitenge.

Vumilia alikwenda akamwomba mama yake simu. Akapiga, akaiweka sauti kubwa, akaketi kwenye mkeka na karatasi mapajani. Ikaita. Ikapokelewa, na barazani pakajaa mngurumo wa mashine ya Ubaruku, mkanda unapiga, na sauti ya mtu anapiga kelele juu yake, "Eh? Eh? Nani?"

"Ni mimi, baba," alisema. Hakupaza sauti. "Shikamoo."

"Eh? Siskii!"

Akailaza simu juu ya mkeka mbele yake, akaitazama. Mama yake akanyoosha mkono kana kwamba amsaidie kuita, kisha akaurudisha. Tukakaa. Mashine ililia muda mrefu. Halafu ikaanza kushuka, mkanda ukapiga polepole, ukapiga mara moja moja, ukatulia kabisa, na tukasikia kuku wa huko na mtu akipumua.

"Vumi?" baba yake alisema, kwa sauti ndogo ambayo mimi sikujua kama anayo. "Bado upo?"

"Nipo, baba."